Nilivyoikata kaseti ya mzee

Jamani mnisamehe kwa ukimya wa wiki tatu. Kazi zimekuwa nyingi, lakini nisiwadanganye, sio kazi tu. Nilikuwa nahangaika na kaseti moja. Kaseti moja tu!

Ilianza hivi. Rafiki yangu mmoja (anajijua, na atasoma hapa) alinitumia albamu nzima ya muziki wa zamani ikiwa faili moja la dakika hamsini na kitu. Unabonyeza, inaanza, ukitaka wimbo wa nne inabidi uvute kwa kidole na kubahatisha. Akaniuliza, wewe mtu wa redio, hivi hili dude linakatwaje liwe nyimbo moja moja? Nikamjibu kwa majivuno kabisa kwamba ni kazi ya dakika kumi. Nikamfanyia, akafurahi. Kichwa kikavimba. Nikakumbuka kaseti ya mzee iliyoko kwa mama Morogoro, nikasema hii nayo naiingiza kwenye kompyuta, naikata, mama anapata nyimbo zake kwenye simu. Zawadi nzuri eti.

Kaseti yenyewe ni C90, yaani dakika 45 kila upande. Kwenye karatasi yake mzee ameandika kwa kalamu ya bluu "DANSI 1984", basi. Hakuna majina ya nyimbo. Marehemu mzee alizirekodi kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa, na waliozaliwa zamani wanajua mambo yalivyokuwa. Redio ilikuwa moja, na bendi zilikuwa zikirekodi palepale kwenye studio ya redio. Kama unaupenda wimbo na huna santuri yake, dawa ni kusubiri upigwe, kidole kiko kwenye kitufe. Mzee hakuwa na redio kaseti. Alikuwa na redio, na alikuwa na rekoda ndogo aliyoazima kwa mwalimu mwenzake. Anaiweka rekoda mbele ya spika ya redio, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, halafu anawaambia watu wote mle ndani wanyamaze. Hapo hakuna waya. Kipaza sauti cha rekoda kinachukua kila kitu, redio na kuku na sufuria na mvua kwenye bati.

Wimbo wa kwanza upande A ni Mlimani Park, Sikinde wenyewe, enzi Muhidin Maalim Gurumo bado yupo pale. Mwaka uliofuata, 1985, ndipo alipochukuliwa na Orchestra Safari Sound. Wapo JUWATA pia, ambao mwanzo waliitwa NUTA Jazz na leo ni Msondo Ngoma. Wapo Maquis. Kwa hiyo ukiisikiliza unapata ile vita ya mitindo yote kwenye mkanda mmoja. Mtangazaji naye anasema kwa Kiswahili cha kunyooka, bila haraka, hadi unaona aibu ukifikiria sisi tunavyobwatuka siku hizi hewani.

Haya, ufundi kwanza, maana najua kuna watu wamekuja hapa kwa ajili hiyo.

Niliazima deki ya kaseti kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti (pamba ilitoka ya kahawia, kama umefuta kiatu). Waya kutoka tundu la hedifoni la deki kwenda kwenye kile kidude cha USB cha kuingizia sauti, maana laptopu za siku hizi nyingi hazina tundu la kuingizia sauti ya kawaida. Programu ni Audacity, ya bure, ipo tangu mwaka 2000. Unaangalia mshale wa sauti usifike kwenye nyekundu, unaacha nafasi kidogo juu, unabonyeza rekodi na unakaa dakika 45. Hakuna njia ya mkato hapo. Kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde na haijali kama una haraka.

Ukimaliza una mstari mrefu wa mawimbi. Kwa ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, stereo, kila dakika moja inakula kama megabaiti 10, kwa hiyo upande mmoja ni karibu megabaiti 480. Kumbuka hii namba, tutairudia.

Sasa kukata. Ipo njia ya uvivu: unaiambia programu itafute ukimya. Unaipa kiwango, kwamba sauti ikishuka chini ya hapa kwa zaidi ya sekunde mbili basi wimbo umekwisha. Kwa albamu ya studio ya kisasa inafanya kazi vizuri, na ndivyo nilivyomfanyia rafiki yangu. Kwa kaseti ya mzee ilikuwa kichekesho. Upande A una nyimbo sita, yenyewe ikaniletea vipande 23! Pale mpiga gitaa anaposimama kidogo kabla ya sebene, yenyewe inaona wimbo umekwisha. Na pale wimbo ulipokwisha kweli, mtangazaji ameshaanza kuongea juu yake, kwa hiyo yenyewe haioni mwisho. Muziki wa dansi haukutengenezwa kwa ajili ya mashine ya kutafuta ukimya.

Nikaenda kwa mkono. Unasikiliza, wimbo unapoanza unabonyeza Ctrl na M, alama inadondoka palepale sauti ilipo. Unaandika jina la wimbo kwenye alama. Baadaye unavuta karibu na kuisogeza alama ikae sawasawa, kabla tu ya gitaa la kwanza. Ukimaliza unaiagiza programu itoe faili nyingi kwa kufuata alama, na zinatoka zote kwa mpigo, zikiwa na namba na majina. Na kama faili lako ni MP3 tayari, usilifungue na kulihifadhi upya bure, maana kila ukihifadhi upya ubora unapungua. Ziko programu kama mp3splt zinazokata MP3 bila kuigeuza. Zinakata kwenye mipaka ya vipande vyake vidogo vya milisekunde 26, na sikio lako halitajua.

Na kabla hamjaniambia kwamba kukata nyimbo ni dhambi, kumbukeni santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo wa dakika nane ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Maneno unayasikia huku, ukitaka kucheza sebene inabidi uinuke ugeuze! Wazee wetu wamekatiwa nyimbo muda mrefu na hawakulalamika.

Basi. Nilifanya kazi usiku tatu. Nilijisikia fundi kweli. Nilitoa mtangazaji. Nilitoa kuku. Kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na makelele, mtu anaburuta kiti, mtoto anabwabwaja, mzee anasema "shhh", nikatoa yote. Kila wimbo ukaanza safi na kuisha safi, na mwisho nikaufifisha taratibu kama kwenye CD ya dukani. Nyimbo 11. Nikazigeuza MP3, nikazitumia kwa mama. Na kwa kuwa laptopu yangu imejaa mahojiano ambayo sijui lini nitayaandika, nikafuta yale mafaili makubwa mawili. Nikamwaga na pipa la taka. Megabaiti 960, nafasi safi.

Mama akapiga jioni ya siku ya pili.

"Mwanangu, nimezisikiliza. Zinasikika vizuri sana, ahsante."

"Karibu mama."

"Nimezisikiliza zote." Akanyamaza. "Mtoto umemweka wapi?"

Nikasema mtoto gani mama. Akasema, mtoto. Yule anayeongea na baba yako.

Hapa niwaeleze kitu ambacho sijawahi kukiandika. Mimi sio mtoto wa kwanza kwetu, ingawa maisha yangu yote nimeitwa hivyo na majirani. Kulikuwa na dada kabla yetu. Alizaliwa 1982, akafa kwa surua 1985, akiwa hajafika miaka mitatu. Mimi nimezaliwa miaka tisa baada ya hapo. Nyumbani alikuwa anatajwa mara moja moja, kwa sauti ya chini, na picha yake haipo. Haikuwahi kupigwa. Miaka ile kupiga picha ilikuwa safari ya kwenda studio mjini, na waliipanga, halafu sukari ikakosekana, halafu nauli ikapanda, halafu basi tena.

Kumbe miaka yote ile mama alipokuwa anasema "hebu niwekeeni ile kaseti ya baba yenu", na sisi tunacheka kwamba mama anapenda Sikinde, alikuwa hasikilizi Sikinde.

Upande B, baada ya wimbo wa kwanza, kama dakika ya tisa. Mtangazaji anamaliza kutaja bendi. Mtoto anamwita baba, anauliza kitu, haieleweki vizuri. Mzee anasema "shhh, tunarekodi", lakini anasema huku anacheka. Mtoto anarudia lile neno, "lekodi". Wimbo wa pili unaanza. Kama sekunde tisa. Mimi niliiweka alama pale na nikatoa sekunde tisa zile kwa sababu ziliharibu mwanzo wa gitaa.

Sikumwambia mama kwamba nimefuta. Nilimwambia "ipo, nitakutumia". Mwandishi wa habari, mimi, ninayewafundisha vijana wanaokuja kujifunza kazini kwamba rekodi ghafi haifutwi hata mhariri akuambie ufute.

Kulipokucha nikarudi Kariakoo. Deki ileile, kaseti ileile. Nikajiambia kaseti si ipo? Narudia tu, dakika 45. Nikaiweka upande B, nikabonyeza, wimbo wa kwanza ukaenda vizuri, na ulipokaribia kuisha sauti ikaanza kuyumba kama mtu anayezama. Waliowahi kumiliki deki wanajua nini kinafuata. Mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu la kupokea ulikuwa umelegea. Kaseti inavutwa upande mmoja, upande wa pili haipokelewi, na utepe wote unajikusanya tumboni mwa mashine. Ililiwa!

Nilizima umeme ukutani, maana mikono ilikuwa inatetemeka siwezi hata kutafuta kitufe. Fundi akaja. Aliutoa utepe taratibu sana, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kama mita moja ilikuwa imekunjamana. Nilipiga hesabu palepale: mita moja ni sekunde 21. Tena utepe wa C90 ni mwembamba kuliko wa C60, maana urefu ule wote lazima uingie kwenye ganda lenye ukubwa uleule, kwa hiyo unakunjika kwa urahisi na haurudi ulivyokuwa. Na pande mbili ziko kwenye utepe uleule, kwa hiyo mkunjo wa dakika ya tisa upande B ni mkunjo wa dakika ya 36 upande A. Ule wimbo wa upande A ninao, nilishautoa ukiwa mzima. Nilichokuwa sina ndicho kilichokunjamana.

Fundi hakuniuliza kuna nini. Aliulaza utepe juu ya kioo, akaunyoosha kwa kidole na kitambaa laini, sentimita kwa sentimita. Alichukua zaidi ya saa moja na wateja wengine walinuna. Nilimwambia kama umekatika tuunge kwa rangi ya kucha kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani, akanitazama kwa huruma, akasema hapana, rangi ya kucha inachafua kichwa, na bahati yako haujakatika. Akaurudisha kwa kalamu ya Bic. Akabadilisha ule mkanda wa mpira, akachukua kaseti nyingine ya kwake, akaijaribu mara mbili nzima kabla ya kuigusa ya mzee. Halafu tukarekodi. Sikutoka pale, nilikaa kwenye kigoda chake dakika zote 45.

Yupo. Sekunde tano za mwanzo ni safi. Anamwita baba, anauliza. Halafu sauti inaingia maji, inapotea, inarudi, mzee anasema "shhh" na huwezi kusikia vizuri "tunarekodi". Lile neno la mtoto, "lekodi", lipo nusu. Silabi ya kwanza imekwenda.

Niliirudisha ile sehemu kwenye kompyuta mara nyingi nikitafuta namna ya kuiokoa. Ziko programu za kuondoa mikwaruzo na mvumo, na nyingine siku hizi zinajaza hata mapengo zenyewe, zinabuni kilichokosekana. Niliijaribu moja. Ilinitengenezea silabi safi kabisa, nzuri, ya mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Nikaifuta. Hiyo sikujuta kuifuta.

Kitu kimoja tu nilikirekebisha, na ni mama aliyenionyesha. Nilimpelekea mwenyewe Jumamosi, sikutaka kutuma kwa WhatsApp. Akasikiliza mara moja, akasema sauti yake haikuwa nyembamba hivi. Nilidhani ni kumbukumbu ya mama, miaka arobaini sio mchezo. Baadaye nikafikiria betri. Mwaka 1984 betri zilikuwa adimu, watu walikuwa wanazianika juani ili ziamke kidogo. Rekoda yenye betri iliyochoka inazungusha utepe polepole wakati wa kurekodi, na ukija kuupiga kwenye deki ya umeme inayokwenda kasi sahihi, kila kitu kinakuwa juu na kinakimbia. Nikaangalia magitaa: kweli, yalikuwa yamepanda. Nikapunguza kasi asilimia moja, mama akatikisa kichwa. Mbili. Tatu, na hapo magitaa nayo yakakaa mahali pake. Mama akasema "Hapo." Halafu akaenda jikoni na hakurudi kwa muda.

Ilibaki swali la kukata, maana mdogo wangu anataka nyimbo tupu za kupiga kwenye sherehe, na haki yake. Zile sekunde tisa nizipeleke wapi? Mkia wa wimbo wa saba, au kichwa cha wimbo wa nane? Watengenezaji wa CD walikuwa na jibu zuri la swali hili. Kila wimbo kwenye CD unaweza kuwa na alama mbili, namba 00 na namba 01. Wimbo unaanza kwenye 01. Ukibonyeza kuruka, mashine inakupeleka 01 moja kwa moja. Lakini ukiacha CD iende yenyewe, inapita kwanza kwenye eneo la 00 na unasikia kilichomo, huku saa ya mashine ikihesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Nikasema hapo ndipo pa kumweka: mwenye haraka anamruka, anayesikiliza yote anamkuta. Ila simu ya mama haijui habari za 00.

Nikamuuliza mwenyewe. Nikamwambia mama, naweza kukufanyia faili lake peke yake, ubonyeze tu, usisubiri. Akafikiria.

"Hapana. Usimkate. Niwekee upande wote."

Kwa hiyo nyimbo 11 za mdogo wangu ziko kwenye folda moja. Mama ana faili mbili tu, upande A na upande B, dakika 45 kila moja, pamoja na kuku na kiti na mtangazaji. Faili ghafi ziko sehemu tatu: laptopu, diski ya nje, na flashi iliyo ndani ya sanduku la mama pamoja na kaseti yenyewe. Wimbo wa kumi bado sijaujua jina wala bendi, mtangazaji aliongea wakati betri zikiwa zimelala kabisa. Magitaa matatu, muda mrefu bila maneno. Anayedhani anaweza kuutambua aniambie nimpigie.

Jumapili hii nilikwenda tena Morogoro. Nilimkuta mama uani anachambua mchele, simu ameisimamisha ndani ya kikombe cha bati ili sauti iwe kubwa. Ilikuwa inakwenda dakika ya sita, sebene limeshika. Nikavuta kigoda.